Diski Kubwa Kuliko Kasha

Nyinyi vijana mnaonipigia simu hapa Kitale kuuliza kama diski kubwa mpya itaingia kwenye kasha la zamani la mteja, mnanichosha. Itaingia. Tundu ni lile lile, soketi ni ile ile, skrubu zinafunga pale pale. Hata punda ataingia sebuleni ukimsukuma. Swali ni kama kasha litaielewa hiyo diski, na hilo hamniulizi kabla ya kununua. Mnaniuliza mkiwa mmeshachana plastiki, mmeshang'oa diski ya zamani, mmeshabonyeza "sawa" mahali ambapo hamkusoma, na mwenye mali amesimama nyuma yenu anawapumulia shingoni.

Sikatai kuwajibu. Nimestaafu, nina ng'ombe wangu na magoti yanayouma, muda ninao. Lakini leo wekeni bisibisi chini niwasimulie juu ya nyumba moja ya Malakia, kule Juba, maana nikikumbuka nyumba ile damu bado inanichemka, na sijui hadi leo nilimkasirikia nani.

Mimi Nafula nilifika Juba baada ya mkataba wa amani kutiwa saini, wakati mashirika yalikuwa yanaishi kwenye mahema na kila hema lina kompyuta. Nilianza kwa kuajiriwa, kisha nikajitegemea. Nilipanga chumba Malakia, nyuma ya duka la jumla la Hajji Abdi, Msomali wa kwetu, mtu wa Garissa, aliyekuwa na pikapu la bluu lililochorwa simba mlangoni ili watu walijue kwa mbali. Hajji aliniazima kona ya ghala lake nikaweka meza, na hapo ndipo nilipotengenezea mashine za nusu ya mji.

Kazi yenyewe mnaijua, ila hamuijui kwa joto lile. Mashine ambayo karatasi yake inasema ihifadhiwe mahali pa baridi, unaiweka Juba mwezi wa pili, chini ya bati, na umeme ni wa jenereta inayokohoa. Kuna meneja mmoja wa hoteli ya makontena aliyeniita kwa sababu kasha lake la diski lilikuwa linazima kila adhuhuri. Nilikwenda nikalikuta juu ya friji, limeegemezwa ukutani, na upande wa pili wa ukuta ni tanuri la mkate. Nilimwonyesha. Akaniambia nilete kasha lisilopenda kulalamika.

Mzee Ouma, aliyenifundisha kazi Nairobi, alikuwa akinikataza kugusa kibodi kabla sijaweka kiganja juu ya mashine. Alitaka niisikie kwanza: ina joto gani, inatetemeka vipi, inatoa sauti gani. Nilimwona mtu wa vituko. Juba ilinifanya nimwelewe, kwa sababu kule mashine ilikuwa inakufa mkononi huku kioo kinasema mambo ni shwari.

Sasa, nyumba yenyewe. Ilikuwa ya Ustaz Lado, mwalimu mstaafu, ambaye kila mtu mtaani alimwita Ustaz kwa heshima. Alikuwa amekaa Uganda miaka mingi kama mkimbizi, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa cha huko, kisichojali ngeli wala mwenye ngeli. Mimi nililelewa na masista waliosahihisha hata salamu, lakini kwa Ustaz nilijifunza kufunga mdomo. Mke wake, Mama Keji, alikuwa ameshafariki nilipomfahamu Ustaz. Walikuwa na binti mmoja, Jokudu, aliyefanya kazi benki Nairobi.

Ustaz alikuwa na kamera ya video. Alipostaafu alianza kwa kupiga picha za harusi, kisha kura ya kujitenga ilipokaribia, watu wakaanza kurudi kutoka Khartoum kwa maelfu, na wengi walikuja kwa mto. Walipanda tishali, zile meli bapa za mizigo, huko Kosti, wakakaa majini majuma na majuma, na waliposhuka bandari ya Juba Ustaz alikuwa pale na kamera yake. Alipiga picha kila tishali iliyofunga gati. Hakuna aliyemwagiza. Alisimama karibu na ubao wa kushukia na kupiga picha za nyuso, mmoja mmoja, wazee, watoto, wanawake wenye vitanda kichwani.

Kwa nini? Kwa sababu watu walikuwa wanapotezana. Mizigo inapanda tishali moja na wenye mizigo nyingine, mume anabaki Kosti, mtoto anashushwa Malakal na jamaa. Wanaofika wanauliza, na hakuna wa kuwajibu. Basi wakawa wanaambiana waende kwa Ustaz, Malakia. Alikuwa ameweka mabenchi sebuleni, televisheni mbele, na asubuhi ungewakuta watu wamekaa kimya wanatazama wageni wakishuka ubao, wakingoja uso wao. Nimeona mwanamume mzima akiinuka kwenye benchi lile na kwenda kugusa kioo cha televisheni kwa vidole.

Filamu zote hizo zilikuwa ndani ya kasha moja la diski. Nyinyi mnajua, lakini huenda anayenisoma si fundi, kwa hiyo niseme hivi: ni kisanduku kidogo chenye nafasi ya diski mbili, kinaunganishwa kwa waya kwenye rauta ya nyumbani, na kompyuta na televisheni zote za nyumba zinachota humo. Diski mbili zile ni pacha. Kinachoandikwa kwenye hii kinaandikwa na kwenye ile. Moja ikifa, nyingine inabeba, na wewe unapewa nafasi ya kuleta pacha mpya. Kasha linakujulisha kwa taa nyekundu.

Mwanzoni mwa mwaka ule wa uhuru Ustaz alinijia ghalani kwa Hajji akiwa na uso wa mtu aliyefiwa. Kasha lilikuwa limejaa. Alikuwa anafikiria kufuta filamu za tishali za kwanza, na alikuwa ameketi mbele ya kompyuta siku nzima bila kuweza kubonyeza. Nilimwambia asifute kitu, tungetia diski kubwa zaidi. Nilimweleza utaratibu: unatoa moja, unaweka kubwa, unaacha kasha limnakili pacha hadi limalize, kisha unatoa ya pili, unafanya vile vile, halafu ndipo unaliambia kasha lipanue nafasi. Nikamwomba anipe siku mbili nitafute diski gani hasa kasha lake linakubali.

Hakunipa. Aliporudi nyumbani alimpigia binti yake akamwambia anataka diski kubwa, na Jokudu, kwa mapenzi yake, akaingia duka la Nairobi na kuomba zilizo kubwa kuliko zote. Zilikuwa ndiyo kwanza zimetoka, za terabaiti tatu, yaani gigabaiti elfu tatu kila moja. Akazifunga kwenye soksi na blauzi, akampa mtu aliyekuwa anaruka kuja Juba. Ustaz alinipigia simu kutoka uwanja wa ndege, anacheka kama aliyepokea mjukuu.

Nilipofika nyumbani kwake nilipata mshtuko wa kwanza kabla hata sijafungua begi. Kasha lilikuwa limefunikwa kitambaa kizito kilichotariziwa maua, cha aina ile ambayo wanawake wa Juba hutarizi kwa mkono kwa shuka za harusi. Kazi ya Mama Keji. Kizuri sana, na kilikuwa kimeziba matundu yote ya hewa. Niliweka kiganja juu ya kasha kama nilivyofundishwa na nikakiondoa haraka. Ungeweza kukaangia yai.

Mshtuko wa pili ulikuwa mbele ya kasha. Mahali pa taa palikuwa pamebandikwa plasta, ile ya kidonda.

Nilimuuliza Ustaz plasta ni ya nini.

"Ile taa nyekundu inasumbua wageni," akasema. "Watu nakaa kutazama ndugu, taa nawaka nawaka. Mimi nafunika."

Nikamuuliza ni tangu lini. Akafikiria. Tangu mvua, alisema. Mvua ilikuwa imekatika miezi iliyopita.

Nilikaa kwanza kwenye benchi la wageni, maana kama ningesema wakati ule ningesema vibaya, na yule alikuwa sawa na baba yangu. Pacha mmoja alikuwa amekufa tangu mvua. Nusu mwaka nzima filamu zote, nyuso zote zile, zilikuwa juu ya diski moja, ndani ya kitambaa, chini ya bati. Kasha lilikuwa limepiga kelele kwa njia pekee linayoijua, nalo likafungwa mdomo kwa plasta.

Basi nilivuta pumzi, nikatoa diski iliyokufa, nikaweka mojawapo ya zile kubwa mpya, nikangoja kasha liitambue. Likaitambua. Likaandika kwamba ni ya gigabaiti mia nane.

Ustaz akaipokea ile namba kama tusi. Alishika simu kutaka kumpigia Jokudu kwamba ameuziwa bandia Nairobi, na nusura nimpokonye. Diski haikuwa bandia. Mnisikilize hapa, kwa maana ndilo swali mnaloniuliza kila juma bila kujua mnaliuliza. Kasha lile lilitengenezwa wakati ambapo hakuna aliyewaza diski ya ukubwa huo. Lilipewa tarakimu chache za kuhesabia. Mnakumbuka mita za magari ya zamani, zikifika tisa zote zinarudi sufuri na gari linaonekana jipya? Ndivyo. Kasha lilihesabu hadi mwisho wa uwezo wake, terabaiti mbili na kidogo, likarudi sufuri, likaendelea, na likakutajia kilichobaki tu. Diski iliyokuwemo ni ya terabaiti moja. Kwa hiyo kasha likaniambia kwamba haliwezi kunakili pacha kwa sababu diski mpya ni ndogo kuliko ya zamani. Kubwa mara tatu, nayo ikakataliwa kwa udogo. Ningeweza kulia.

Mtu angesema, tumia hizo mia nane basi. Usithubutu. Diski ambayo kasha limeipima vibaya usiiandikie hata jina lako. Siku moja hesabu itazunguka tena na kasha litaandika kitu kipya juu ya cha zamani bila kujua. Nilikuwa nimesikia kwamba watengenezaji hutoa programu mpya ya kuyafundisha makasha kuhesabu zaidi, nikatafuta kwa mtandao wa pale, ule unaofungua ukurasa mmoja wakati wali unaiva. Kwa kasha la Ustaz, la zamani, hawakuwa wametoa chochote na walisema hawatatoa. Mwisho wake ulikuwa terabaiti mbili. Hilo lilikuwa limeandikwa wazi kwa mtu yeyote ambaye angesoma kabla ya kununua.

Ndipo nikasikia ile sauti. Tk. Kimya. Tk, tk. Diski ya zamani, iliyobaki peke yake, ilikuwa imeanza kugonga.

Wale mliozoea diski za siku hizi zisizo na kitu kinachozunguka hamjui sauti ile ina maana gani kwa fundi. Ndani ya diski kuna mkono mdogo unaotafuta mahali pa kusoma. Ukigonga hivyo ni kwamba unatafuta na haupati. Inaweza kukupa wiki, inaweza kukupa dakika, na hupaswi kuizima, kwa sababu ikilala huenda isiamke.

Nilimwambia Ustaz kwamba televisheni izimwe na mtu yeyote asifungue filamu hata moja. Nilichomoa waya za vyombo vyote isipokuwa laptopu yangu. Nilikuwa na diski ya mkononi begini, yenye nafasi ya kutosha. Nikachukua feni ya meza, nikailekeza kwenye kasha lililo wazi, nikamwomba mlinzi asiguse jenereta kwa sababu yoyote ile.

Wakati huo huo mlango ukabishwa, akaingia mwanamke anayeitwa Achol.

Ustaz alikuwa anamjua. Alikuwa amekuja hapo mara nyingi. Alizungumza Kiarabu cha Khartoum, nami nilielewa nusu, nusu nyingine Ustaz alinipa. Yeye na baba yake, Mzee Deng, walikuwa pamoja Kosti. Mzee aligoma kuacha mizigo yake, akapanda tishali ya mizigo ili aikalie, Achol akapanda ya watu. Achol akafika mapema, akangoja bandarini, kisha malaria ikamwangusha. Siku ambayo tishali ya mizigo ilifunga alikuwa hospitali hajitambui. Alipopona akakuta mizigo imekwisha kuchukuliwa na baba hayupo. Wengine walimwambia wamemwona, wengine walimwambia kuna mzee alifia njiani akazikwa ukingoni. Ustaz alikuwa amemwahidi kumtafutia filamu ya tishali ile, na siku aliyomwambia aje ilikuwa ndiyo hiyo.

Nilimwambia Ustaz amrudishe, aje kesho. Akamvutia Achol benchi. Nikarudia, na sauti yangu ilikuwa imepanda. Achol hakuelewa Kiswahili lakini alielewa sauti, akaanza kukusanya shuka lake mabegani aondoke, na nikajiona mtu mbaya kuliko plasta.

Basi nikamweleza Ustaz ukweli ulivyo. Diski inakufa. Nitanakili kwa mpangilio, faili baada ya faili, na kila nitakachotanguliza kina nafasi kubwa ya kupona kuliko kinachofuata. Ni lazima yeye aseme kipi kianze. Nilipendekeza tunakili siku ile ya tishali ya Achol, kisha filamu za Mama Keji, kisha hizo nyingine zote za mto, zitakazopatikana zipatikane.

Sijawaambia kuhusu filamu za Mama Keji. Alikuwa mwanzishaji wa nyimbo kwenye kwaya ya kanisa lao. Ustaz alikuwa amempiga picha miaka yote, Krismasi, Pasaka, harusi za watu, na mara ya mwisho akiwa mgonjwa, ameketi kitandani, anaimba polepole kwa sababu Jokudu alimwomba. Zilikuwa ndani ya kasha lile lile. Hazikuwa na nakala nyingine. Nilikuwa nimemsihi afanye nakala ya akiba mahali pengine, nimemweleza kwamba diski pacha si akiba, kwamba moto ukiwaka pacha wote wawili wanaungua. Akasema ndiyo, ndiyo, kama mnavyoniambia nyinyi ndiyo, ndiyo.

Ustaz alitazama kasha. Feni ilikuwa inapeperusha ukingo wa kitambaa kilichotariziwa, nilichokuwa nimekitupa kwenye kiti.

"Anza na mto," akasema. "Mto yote."

Nikamwambia mto wote ni mwingi mno, diski haitafika. Siku ya Achol inatosha, kisha Mama.

"Kesho nakuja Achol mwingine," akasema. "Keji mimi najua iko wapi. Hawa watu, hakuna mtu anajua."

Sikubishana tena. Nilianza na siku ya Achol, na ilipomaliza kunakiliwa nikaiunganisha diski yangu ya mkononi kwa namna ambayo wangetazama nakala na si ile ya kasha. Hilo mlishike: kamwe msimfungulie mtu filamu kutoka kwenye diski inayougua, hata akilia. Mpe nakala.

Achol akachuchumaa karibu na laptopu. Watu wakaanza kushuka ubao. Kulikuwa na vumbi na kelele, mtu anagombana na mpagazi nje ya picha. Kisha mgomvi akaingia kwenye picha, mzee mrefu aliyevaa koti la suti, amebeba kiti cha mbao kichwani, anakataa kumpa mpagazi. Achol hakupiga kelele. Aliweka kiganja mdomoni na akakaa sakafuni kabisa, miguu imenyooka mbele kama mtoto. Alikuwa baba yake, yuko hai, anafoka.

Kamera ya Ustaz ikamfuata. Mzee akakiweka kiti nyuma ya pikapu, pamoja na mizigo ya familia nyingine, akapanda akakikalia. Pikapu likageuka. Lilikuwa la bluu na mlangoni lina simba.

Mimi na Ustaz tulitazamana. Nilikuwa nalikwepa pikapu lile ghalani kila asubuhi ili nifike mezani kwangu. Nilimpigia Hajji Abdi, yeye akamwita dereva, na dereva hakuhitaji kufikiri. Mzee wa kiti, alisema, aliyemkemea njia nzima kwa kuendesha vibaya. Alimshusha ng'ambo ya daraja, kwa familia iliyomwonea huruma huko kwenye tishali, na kila akipita huko humwona ameketi nje kwenye kiti chake, anatazama barabara. Hajji akasema anakuja na gari sasa hivi, hakuna haja ya mtu kutafuta bodaboda.

Wakaondoka, Achol, Ustaz na Hajji. Mimi nikabaki na diski.

Jamani, hamjui upweke kama ule. Mtu hana la kufanya. Unatazama mstari unaojaa, unasikia tk, unabana pumzi, mstari unasonga. Tishali moja. Tishali nyingine. Nilibadilisha pembe ya feni. Nilimkemea mlinzi kupitia dirishani ingawa hakuwa amefanya lolote. Nilimkasirikia Ustaz kwa plasta, nikamkasirikia Jokudu kwa kununua kwa mapenzi badala ya kwa kuuliza, nikawakasirikia watu wa kiwanda walioona taa ndogo nyekundu inatosha kumwambia mwalimu mstaafu kwamba mke wake yumo hatarini. Mto ulikuwa mrefu. Sikuamini, lakini tishali ya mwisho iliingia nzima. Nikafungua folda ya Mama Keji, nikabonyeza, mstari ukatokea, na ukasimama. Tk, tk, tk, mfululizo, kisha ule mzunguko ambao huusikii hadi unapokoma ukashuka, ukashuka, ukakoma.

Nilijaribu yote ninayoyajua na machache ambayo sikuyaamini. Niliacha ipoe, nikaiwasha tena, nikaihamishia kwenye kompyuta. Haikuamka.

Nilikuwa bado nimeishika mkononi niliposikia vigelegele langoni. Pikapu lilikuwa limerudi. Mzee Deng alishuka na kiti chake, koti lile lile mwilini, akiuliza kwa sauti nani aliyempiga picha bila ruhusa, na Achol ameshika mkono wake wa koti kama anayeogopa upepo utamchukua. Majirani waliingia. Ustaz alikuwa anacheka, kofia imepinda. Kisha akaniona mlangoni na kilichokuwa mkononi mwangu.

Nilifungua mdomo. Akatikisa kichwa kidogo, mtu asione, akanielekeza kwa kidevu upande wa jikoni. Nikaelewa kwamba kwanza mgeni apewe chai. Nikaiweka diski ndani ya begi, nikaenda kuchemsha maji.

Mzee Deng aliketi kwenye kiti chake mwenyewe, akakataa benchi, na akaonyeshwa filamu yake. Alilalamika kwamba anaonekana mfupi. Kisha akaomba arudishiwe mwanzo, akaanza kuwataja watu waliokuwa wanashuka nyuma yake: huyu ni fulani wa kijiji fulani, huyu mama amempoteza mwanawe huko Renk, yule kijana ni wa ukoo gani. Alikuwa amekaa nao majini na alikuwa amewahoji wote, kwa sababu ndivyo alivyokuwa. Ustaz akachukua kamera na kumpiga picha akitaja majina. Siku zilizofuata Mzee Deng alikuwa hapo kila asubuhi na kiti chake, na sebule ile ikapata kitu ambacho hakuna diski ingekipa, mtu wa kusema majina.

Wageni walipotoka ndipo Ustaz alipokuja jikoni. Nilimwambia mto umepona wote na Mama hakupona. Akauliza kama hata wimbo ule wa mwisho, wa kitandani. Nikasema hata ule. Akachukua kikombe alichokuwa amekunywea Mzee Deng, akakiosha, akakikausha kwa muda mrefu kuliko kikombe kinavyohitaji.

Nilizirudisha zile kubwa Nairobi na tukapata za terabaiti mbili. Nilizisoma zote, jina na namba, kabla ya kuruhusu zinunuliwe. Nilizitia kama inavyotakiwa, nikasubiri kila hatua imalizike, nikamlazimisha Ustaz anunue ya tatu ya akiba ikae dukani kwa Hajji, mbali na kasha. Hayo ndiyo mafundisho, kama mlikuwa mnangoja mafundisho. Someni mwisho wa kasha kabla ya ukubwa wa diski. Badilisheni moja moja. Pacha si akiba.

Kilichobaki kilikuwa kumwambia Jokudu. Ustaz alijaribu kupiga mara kadhaa, kila mara akaishia kumuuliza habari za kazi. Mwishowe akanipa simu yake mkononi, akatoka uani. Nikamwambia Jokudu bila kuzunguka. Upande wa pili nilisikia benki, watu, kiti kikisogezwa. Akauliza kama ni yeye aliyeharibu kwa zile diski alizotuma. Nikamwambia hapana, ile ya zamani ilikuwa inakufa tangu mvua, ndogo au kubwa isingebadilisha kitu, ila ilibidi tuchague kipi kianze.

"Na baba ndiye alichagua?"

Nikasema ndiye, na nikamrudia maneno yake kama alivyoyasema, kwa Kiswahili chake, bila kusahihisha.

Nilimsikia akisogeza kiti tena.

"Angemchagua Mama," akasema, "Mama mwenyewe angemfukuza nyumbani."